Jina la Nani Liko Kwenye Chupa?

Mwezi huu naomba tusogee mpaka kwenye lile kabati la vioo la baba mkwe. Unalijua. Lina kufuli, na ndani yake kuna chupa mbili tatu za wiski ambazo hazifunguliwi mpaka aje mgeni mzito au siku ya kupokea posa. Hebu soma majina yaliyoandikwa mle. Johnnie Walker. Jack Daniel. William Grant. John Jameson. Wanaume watupu! Ukiamini lebo, basi wiski ya dunia hii ilitengenezwa na akina baba wenye ndevu wakiwa peke yao, hawana mke, hawana mama, hawana hata kibarua wa kuwasogezea kuni.

Kwa wiki kadhaa sasa vitabu vilivyolala mezani kwangu vinasema vingine kabisa. Ni vitabu vya historia ya wiski na viwanda vyake, na kama wewe ni mtu wa soda, au imani yako hairuhusu kilevi, nakuomba usifunue ukurasa mwingine kwanza. Humu ndani kuna ndoa, kuna wajane, kuna mama mkwe na mkamwana, kuna mtumwa aliyemfundisha kazi kijana wa Kizungu. Na kuna swali ambalo nyumba nyingi za hapa mjini zinalikwepa: biashara tumeijenga wote, mbona jina ni lako peke yako?

Tuseme ukweli, vitabu vingi vya wiski vinachosha. Vile vikubwa vya karatasi ya kung'aa, vya kuweka sebuleni ili wageni wavione, vimejaa picha za mapipa na mwandishi anayekuambia kuwa kinywaji fulani kina ladha ya tofaa, moshi na ngozi ya tandiko la farasi. Bingwa wa aina hiyo alikuwa Michael Jackson. Hapana, siyo yule wa Thriller. Huyu alikuwa mwandishi wa habari wa Uingereza, aliyezaliwa 1942 na kufariki 2007, na kitabu chake cha mwaka 1989, Malt Whisky Companion, kilizipa wiski alama kwa mia kama mtihani wa darasa la saba. Kiliwasaidia sana wanunuzi. Lakini kusoma alama za vinywaji ambavyo hutavionja ni sawa na kusomewa menyu huku umefunga.

Mimi napenda vile vingine, ambavyo mwandishi wake amejifungia na makabrasha: daftari za kodi, hukumu za mahakama, hati za mauzo, barua za familia. Lebo inaandikwa na mtu wa matangazo. Daftari la kodi liliandikwa na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumpamba yeyote.

Babu wa vitabu hivi vyote anaitwa The Whisky Distilleries of the United Kingdom, cha mwaka 1887. Aliyekiandika, Alfred Barnard, alikuwa mtu wa gazeti la wafanyabiashara wa vileo mjini London, Harper's Weekly Gazette. Kuanzia 1885 alisafiri akitembelea kiwanda kimoja baada ya kingine: 129 Uskoti, vingine Ayalandi na 4 England. Na kila alikofika alipima kila kitu. Ghala lina urefu gani, mtambo unabeba galoni ngapi, maji yanatoka mto upi. Kuna kurasa zinazoleta usingizi, sikufichi. Ila viwanda vingi alivyovitembelea vimeshakufa, na kwa baadhi yake kitabu hicho ndicho ushahidi mkubwa uliobaki. Mji mdogo wa Campbeltown peke yake alikuta viwanda zaidi ya 20. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 vilikuwa vimebaki 2.

Kabla sijaendelea, kwa wale wasiojua wiski ya Uskoti inavyotengenezwa, ni hivi. Shayiri inalowekwa mpaka ichipue, iwe kimea. Wachaga mnaelewa, ni kama kimea cha ulezi cha kwenye mbege. Kile kimea kinakaushwa, wakati mwingine kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi unaochomwa kama kuni, kisha kinasagwa, kinachanganywa na maji ya moto, kinatiwa hamira na kuachwa kichachuke. Hapo umepata kitu kama bia. Ukikichemsha kwenye mtambo wa shaba na kuupoza mvuke wake, umepata pombe kali, nyeupe kama maji. Sasa inaingia kwenye pipa la mwaloni, na kwa sheria ya Uskoti lazima ilale humo miaka isiyopungua 3. Wengi wanailaza 10, 12, hata zaidi. Hiyo miaka ya kulala naomba uishike, tutaihitaji mbele.

Mmoja wa viwanda ambavyo Barnard alivikagua ni Cardow, kaskazini-mashariki mwa Uskoti karibu na mto Spey. Leo kinaitwa Cardhu. Majengo ya zamani aliyaona ya kizamani na yametapakaa ovyo, jipya akalisifia. Mwenye mali yote ile alikuwa mwanamke. Na kabla yake palikuwa na mwanamke mwingine.

Huyo wa kwanza ni Helen Cumming. Yeye na mumewe John walikodi shamba la Cardow mwaka 1811, na kama majirani zao wengi, wakawa wanapika wiski ya kificho. Mwaka 1816 John alitiwa hatiani mara 3 kwa kupika bila leseni. Kwa lugha yetu, alikamatwa na gongo. Ila mpishi, kwa masimulizi yaliyobaki, alikuwa mama.

Kule kijijini hapakuwa na nyumba ya wageni, kwa hiyo watu wa ushuru wakija kusaka mitambo walilala kwa akina Cumming. Hebu pata picha. TRA imekuja kukukagua, halafu inaomba kitanda kwako! Inasimuliwa kwamba Helen akiwaona tu wanapanda kilima, anaficha vyombo, anajipaka unga mikononi na kusema yuko katikati ya kuoka mikate, maana harufu ya hamira ya mkate haina tofauti kubwa na ya kimea kinachochachuka. Anawakaribisha mezani, anawawekea chakula, halafu anatoka taratibu na kupandisha bendera nyekundu juu ya banda. Majirani wakiiona wanajua kazi imeingia, ficheni mitungi. Mama zetu wanaopigiana miluzi wakiona difenda la polisi linakata kona wangeelewana naye vizuri sana.

Mwaka 1823 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyoshusha ushuru na kuweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka. Wapishi wengi wa kificho wakajitokeza. (Kenya walipita njia inayofanana na hiyo mwaka 2010, chang'aa iliporuhusiwa kwa leseni. Kwetu Tanzania gongo bado ni kosa.) Akina Cumming walichukua leseni mwaka 1824. Iliandikwa jina la John.

John akafariki, kiwanda akachukua mwanawe Lewis. Mwaka 1872 Lewis naye akafariki, akamwacha mkewe Elizabeth na watoto wadogo. Ndugu zangu, kwa mikasa tunayoisikia kila siku, wengi wetu hapa tunajua ukurasa unaofuata: mashemeji wanakuja na kufuli mpya. Cardow haikwenda hivyo. Elizabeth alikamata usukani na kukiendesha kiwanda kwa takriban miaka 20. Kufikia 1885 alikuwa amejenga kipya kabisa kando ya kile cha zamani, na wala vyombo vilivyochoka hakuvitupa. Mwaka 1886 alimuuzia kwa chini ya pauni 120 bwana mmoja aliyekuwa anaanza maisha, anaitwa William Grant. Naam, yule yule wa kabatini! Glenfiddich, ambayo leo vijana wetu wanaiagiza kwa mbwembwe kwenye kaunta za Masaki, ilianza kwa mitambo ya mtumba ya mama mjane.

Halafu mwaka 1893 akakiuza kiwanda kwa kampuni ya John Walker & Sons. Hapa soma polepole, maana hapa ndipo nilipomvulia kofia. Hakupokea hela akaondoka. Makubaliano yalikuwa kwamba familia yake iendelee kukiendesha, na mwanawe akapata kiti kwenye bodi ya Walker. Mjukuu wake, Ronald Cumming, alikuja kuwa mwenyekiti wa DCL katika miaka ya 1960, na DCL ndiyo iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za wiski Uskoti. Mama mkwe alianza na bendera ya kuwakimbia wakubwa. Mkamwana akawaketisha watoto wake meza moja nao.

Na huyo John Walker mwenyewe je? Alikuwa na duka la vyakula mjini Kilmarnock, lililofunguliwa 1820. Hakuwa na kiwanda cha wiski maisha yake yote. Nicholas Morgan, katika kitabu A Long Stride cha mwaka 2020, anaonyesha vizuri kwamba ni mwanawe Alexander na wajukuu waliolifanya lile duka kuwa jina la dunia. Kitabu kiliandikwa kwa baraka za kampuni, kwa hiyo usitegemee ugomvi mwingi, lakini Morgan ni mwanahistoria kweli na amezama kwenye makabrasha.

Kituko ni hiki. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilitaka kuwaenzi wanawake, ikatoa toleo maalumu lenye picha ya mwanamke na jina la kubuni, Jane Walker. Watu wakalicheka kweli kweli. Mimi kilichonishangaza ni kwamba hawakuwa na haja ya kubuni mtu. Elizabeth Cumming yupo kwenye hati zao za manunuzi.

Habari za akina mama wa namna hii Mmarekani Fred Minnick amezikusanya kwenye kitabu Whiskey Women cha mwaka 2013. Anaandika haraka haraka, na kuna mahali unatamani angekaa zaidi, lakini bila yeye ungelazimika kuokota habari hizi kipande kipande. Mmoja wao ni Bessie Williamson. Huyu alikuwa msichana wa Glasgow mwenye shahada ya chuo kikuu, ambaye mwaka 1934 alikwenda kisiwa cha Islay kufanya kibarua cha miezi michache cha kupiga chapa kwenye kiwanda cha Laphroaig. Mwenye kiwanda, Ian Hunter, alikuwa mtu mgumu, msiri, asiyetaka mgeni apige picha wala kuuliza maswali. Mwaka 1938 akapata kiharusi, na kazi zikaanza kuhamia mikononi mwa yule karani. Mwaka 1954 Hunter akafariki bila mtoto, na wosia ukamwachia Bessie kiwanda.

Najua unachowaza! Hata Islay walikuwepo wa kuwaza hivyo, binadamu ni wale wale. Lakini angalia miaka: 20 ya kazi kabla ya wosia, ikiwemo miaka yote ya vita ambapo jeshi lilitumia majengo yale na yeye ndiye aliyeyalinda mapipa. Baada ya hapo alikisimamia kiwanda mpaka alipostaafu 1972, ingawa hisa alikuwa ameziuza kidogo kidogo kwa kampuni kubwa kwa sababu ya kuhitaji mtaji. Tofauti ya Bessie na makarani wengi waliobeba ofisi za wakubwa wao ni karatasi moja tu. Bosi aliiandika, tena mapema, akiwa na akili zake timamu.

Haya, tuje kwenye mapenzi, maana najua kuna watu mmeruka mpaka hapa. Kitabu kinaitwa Japanese Whisky, Scotch Blend, cha mwaka 1998, mwandishi ni Olive Checkland. Ni kitabu chembamba kilichoandikwa kwa utulivu, na kwangu ndicho kitamu kuliko vyote.

Mwaka 1918 kampuni moja ya Kijapani ilimtuma kijana wake, Masataka Taketsuru, kwenda Uskoti kujifunza siri ya wiski. Kwao walikuwa watengenezaji wa sake. Alisoma Glasgow, akaomba kazi za kujifunza viwandani, na kila alichokiona alikiandika na kukichora kwenye madaftari. Katika mihangaiko hiyo akafahamiana na familia ya Cowan katika mji wa Kirkintilloch, nyumba ambayo baba alikuwa amefariki karibuni. Binti mmoja, Rita, alikuwa amempoteza mpenzi wake vitani. Januari 1920 Rita na Masataka walifunga ndoa kwa msajili mjini Glasgow. Pande zote mbili hazikutaka. Mskoti na Mjapani, mwaka 1920, wewe fikiria tu zile simu za mashangazi kama zingekuwepo.

Inasimuliwa kwamba Masataka alikuwa tayari kubaki Uskoti kwa ajili ya mkewe, na Rita ndiye aliyesema hapana, twende kwenu, wiski yako ikatengenezwe huko. Wakaenda. Kufika Japani, kampuni iliyomsomesha haikuwa tena na fedha za kujenga kiwanda! Mume ana ujuzi ambao nchi nzima hakuna mwingine mwenye nao, na hana pa kuutumia. Rita akafundisha Kiingereza na piano.

Mwaka 1923 Masataka aliajiriwa na Shinjiro Torii kujenga Yamazaki, kiwanda cha kwanza cha wiski ya kimea nchini Japani. Mwaka 1934 akaondoka kwenda Yoichi, kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido, baridi kama ya Uskoti, kuanzisha cha kwake. Mtaji ulitoka kwa wawekezaji, na mmoja wao alikuwa bwana ambaye mkewe alifundishwa Kiingereza na Rita. Ulifikiri lile darasa lilikuwa la kupitisha muda?

Sasa ndipo ile miaka ya mapipa kulala inapoingia. Ukifungua kiwanda cha wiski leo, huna cha kuuza kesho. Mishahara inatoka, shayiri inanunuliwa, na mali yote imelala gizani inakomaa. Akina Taketsuru walianza kwa kuuza juisi ya matofaa, na jina la kampuni yao, Nikka, limekatwa kutoka kwenye maneno ya Kijapani yenye maana hiyo ya juisi. Wiski yao ya kwanza ilitoka mwaka 1940. Kwa miaka yote hiyo kuna mtu alikuwa anaiweka nyumba sawa, anajifunza kupika chakula cha kwao mume mpaka wenyeji wakamkubali, na vita vilipopamba moto kuna mtu alikuwa anatazamwa mtaani kama jasusi kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Alivumilia. Alifariki Yoichi mwaka 1961, Masataka akamfuata 1979. Jina la Taketsuru liko kwenye chupa. Jina la Rita liko kwenye barabara moja ya mji ule, na mwaka 2014 televisheni ya taifa ya Japani ikatengeneza tamthilia ya maisha yao iliyopendwa ile mbaya.

Mchango wa Rita ungeuandika kwenye safu gani ya hesabu? Kwetu swali hilo lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, na majaji wakakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Ni hukumu kubwa, na wanasheria wanaitaja mpaka leo. Ila Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba alishapewa fedha na mumewe enzi za ndoa na akazitumia vibaya. Kwa hiyo wale mnaoendesha duka, saluni au daladala pamoja, mkiwa bado mnapendana na mnacheka, piteni BRELA mkaangalie jina la nani liko pale. Ni afadhali kuulizana swali hilo juu ya chai kuliko mbele ya hakimu.

Nimemwacha Jack Daniel mwishoni kwa makusudi, maana hapa jina lililokosekana halikuwa la mke.

Jack alikuwa kijana mdogo aliyeondoka kwao na kwenda kufanya kazi shambani kwa mchungaji mmoja, Dan Call, karibu na Lynchburg, Tennessee. Mchungaji alikuwa na mtambo wa wiski (ndiyo, mchungaji). Aliyeusimamia alikuwa Nathan Green, watu wakimwita Nearest, mtu Mweusi aliyekuwa mtumwa na amekodishwa pale na waliodai kummiliki. Nearest ndiye aliyemfundisha Jack kazi. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, na baadaye Jack alipofungua kiwanda chake, Nearest akawa fundi mkuu wake wa kwanza, na wanawe wakafuata nyayo. Picha ya Nearest haijulikani kuwepo. Ipo moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1900: Jack ameketi katikati ya wafanyakazi wake, na pembeni yake kabisa ameketi mwanamume Mweusi, anayeaminika kuwa George, mtoto wa Nearest. Kwa Tennessee ya wakati ule, ukaaji huo unasema mengi.

Na habari hii haikuwa siri! Kitabu cha mwaka 1967, Jack Daniel's Legacy cha Ben A. Green, kinamtaja Nearest na wanawe waziwazi. Kilikuwa kwenye makabati ya watu kwa karibu miaka 50, huku matangazo na maelezo ya watalii kiwandani yakiendelea na Jack na mchungaji wake tu. Juni 2016 mwandishi Clay Risen akaiandika habari hiyo kwenye New York Times, na mwanamama mmoja Mmarekani Mweusi akaisoma akiwa safarini Singapore. Anaitwa Fawn Weaver. Wasomaji wa kurasa za ndoa huenda mnamfahamu: ndiye mwandishi wa Happy Wives Club cha mwaka 2014, aliyezunguka dunia akiwauliza wanandoa wenye furaha wanafanyaje.

Weaver alifunga safari mpaka Lynchburg. Alikaa na vilembwe wa Nearest, alikusanya hati na picha, na mwishowe akalinunua lile shamba la Dan Call. Mwaka 2017 wenye Jack Daniel's walimtambua rasmi Nearest Green kuwa fundi wao mkuu wa kwanza, na mwaka huo huo Weaver akatoa wiski yenye jina la Uncle Nearest. Aliyepewa kazi ya kuichanganya ni Victoria Eady Butler, kilembwe wa Nearest mwenyewe.

Kitabu chake, Love & Whiskey, kilitoka 2024. Sehemu za uchunguzi ni moto. Utasoma huku chai inapoa. Kinachonifurahisha ni kwamba hakumgeuza Jack kuwa shetani ili Nearest ang'ae. Alikwenda na hasira, akakuta wanaume wawili walioheshimiana ndani ya nchi isiyoruhusu heshima hiyo, na hakuogopa kuandika hivyo. Ila kurasa zinazohusu kampuni yake mwenyewe ilivyokua nimeziona kama tangazo lililorefushwa. Na tangu kitoke mambo yamegeuka: Julai 2025 mkopeshaji aliipeleka kampuni hiyo mahakamani akidai zaidi ya dola milioni 100, na Agosti mwaka huo mahakama ikaiweka chini ya msimamizi. Weaver na mumewe Keith walipinga. Mikopo ya wiski ni mikubwa, na sababu unaijua tayari: mali imelala kwenye mapipa, na riba hailali.

Kwa mtakaoniuliza muanze na kipi: wenye haraka waanze na Minnick, walio kwenye mapenzi waanze na Checkland, na aliyewahi kufanya kazi ikasainiwa na mwingine aende moja kwa moja kwa Weaver. Barnard mwachie yule shemeji anayependa kupima vitu. Vyote ni vya Kiingereza, na madukani kwetu si rahisi kuvikuta, kwa hiyo mtume mtu anayesafiri au uviagize mtandaoni. Na ukimpata Checkland wa mtumba, mchukue hapo hapo.